Maabara ya Meza Moja: Kumtambua Bakteria wa Ugonjwa wa Kiwele

Mfugaji akiona mabonge kwenye maziwa ya asubuhi, kwa kawaida hukimbilia duka la dawa za mifugo na kurudi na bomba la antibayotiki la kupenyeza kwenye chuchu. Dawa huichagua kwa bei, kwa mazoea, au kwa kuwa ilimfaa jirani. Siku zinazofuata maziwa ya ng'ombe huyo hayauzwi, au, vibaya zaidi, yanauzwa yakiwa na dawa ndani yake. Na mara nyingi robo ileile ya kiwele huugua tena muda si mrefu.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye karibu na mfugaji huyo: daktari wa mifugo wa wilaya, mtaalamu wa maabara wa ushirika wa maziwa, au afisa mifugo aliyepewa chumba chenye meza, sinki na umeme wa kukatikakatika. Kwa chumba hicho na vifaa vichache vya kununua, unaweza kusema ndani ya saa 24 hadi 48 ni kundi gani la bakteria limeingia kiweleni. Jibu hilo, hata bila jina kamili la bakteria, linatosha kubadilisha matibabu.

Kabla ya kununua chochote, jiulize unataka kujua nini

Maabara kubwa humtafuta bakteria mpaka jina la mwisho. Wewe huna haja ya kufika huko. Unahitaji majibu ya maswali manne tu. Je, kuna bakteria wanaoota? Ni Gram chanya au Gram hasi? Kama ni chanya, ni stafilokoka au streptokoka? Na kama ni stafilokoka, ni Staphylococcus aureus au mwingine?

Kila swali hapo lina uamuzi nyuma yake. Escherichia coli anayesababisha ugonjwa mwepesi mara nyingi huondolewa na mwili wa ng'ombe wenyewe, na bomba la antibayotiki halimsaidii sana. Streptococcus agalactiae huishi ndani ya kiwele na hutii penisilini vizuri, kiasi kwamba anaweza kufutwa katika kundi zima la ng'ombe. Staphylococcus aureus hujichimbia ndani ya tishu, wengi wao hutengeneza kimeng'enya kinachovunja penisilini, na ng'ombe aliyemhifadhi kwa muda mrefu huwa chanzo cha kuwaambukiza wenzake. Huyo hukamuliwa mwisho, au huondolewa zizini. Mashamba ya Marekani na Kanada yaliyoshiriki utafiti wa kuotesha maziwa shambani kabla ya kutibu, uliochapishwa mwaka 2011, yalipunguza antibayotiki kwa takriban nusu, na ng'ombe hawakuchelewa kupona. Waliotumia vipimo hivyo walikuwa wakitenganisha makundi tu, kama utakavyofanya wewe.

Sampuli ndiyo maabara

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na hakuna kemikali ya gharama itakayoirekebisha baadaye. Ngozi ya chuchu ina bakteria wengi, mikono ya mkamuaji ina wengine, na vumbi la banda lina wake. Ukiwaingiza kwenye chupa, utawaotesha wote na hutajua nani ni mgonjwa na nani ni mpita njia.

Kwanza itafute robo iliyougua. Kipimo cha CMT, kilichobuniwa California mwaka 1957 na Schalm na Noorlander, hutumia sahani yenye vikombe vinne: weka maziwa kidogo ya kila robo kwenye kikombe chake, ongeza dawa ya kipimo kwa kiasi sawa, zungusha kwa sekunde kumi, kisha tazama. Seli za kinga zikiwa nyingi, sabuni iliyo kwenye dawa huzipasua, vinasaba vyake hutoka na mchanganyiko hugeuka ute mzito. Usipoipata dawa yenyewe, sabuni ya unga ya kufulia, gramu 3 kwa mililita 100 za maji, hufanya kazi hiyohiyo. Wataalamu wa mifugo wa Pakistani waliijaribu na kuipendekeza. CMT haikuambii ni bakteria gani. Inakuambia ni chuchu ipi ya kuchukulia sampuli, na hivyo inaweza kukuokolea sampuli tatu kati ya nne.

Chukua sampuli kabla ng'ombe hajapewa dawa yoyote. Nawa mikono, vaa glavu. Kama chuchu ni chafu ioshe, kisha ikaushe kabisa, kwa maana maji yanayotiririka kutoka kwenye kiwele hubeba uchafu moja kwa moja hadi mdomoni mwa chupa. Kamua mikupuo mitatu au minne ya mwanzo uitupe. Halafu sugua ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70 mpaka pamba mpya itoke nyeupe. Ukichukua robo zaidi ya moja, anza kusafisha chuchu za upande wa mbali na wewe, umalizie za karibu. Wakati wa kukamua sampuli geuza, anza za karibu. Mkono wako hautapita juu ya chuchu uliyokwisha kuisafisha. Shika chupa kwa mshazari, karibu kulala, kifuniko kikitazama chini mkononi, na mililita 3 hadi 5 zinatosha.

Andika namba ya ng'ombe, robo na tarehe kabla hujaondoka. Weka kwenye boksi lenye barafu. Sampuli iliyokaa baridini ioteshwe ndani ya saa 24. Ikishindikana, igandishe: E. coli hupungua kidogo akigandishwa, lakini stafilokoka huvumilia vizuri.

Vifaa, na mbadala wake

Kifaa kinachotisha wengi ni kile cha kutunzia joto, maana cha dukani ni ghali. Mashine ndogo ya kutotoleshea vifaranga, ambayo leo inapatikana karibu kila mji, imetengenezwa kushika nyuzijoto 37.5, nawe unahitaji 35 hadi 37. Zima sehemu ya kugeuza mayai, weka kipimajoto cha pili ndani ili usitegemee namba ya kioo peke yake, na itazame kwa siku mbili nzima ikiwa tupu kabla ya kuiamini. Ikishaingia sahani ya bakteria, mashine hiyo isirudi tena kwenye mayai.

Sufuria ya presha inayofikia ratili 15 kwa inchi ya mraba hutakasa vyombo na agari kwa nyuzijoto 121 ndani ya dakika 15, mradi uache mvuke utoke kwanza hewa yote iishe ndani, ndipo uweke uzito. Kuna jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayalisemi. Ukiwa Njombe au Limuru, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, presha ileile haifiki nyuzijoto 121, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Huko ongeza muda hadi dakika 30 au 35. Agari ambayo haikuiva vizuri itakuotea vitu usivyovipanda.

Damu ya agari itoke kwa kondoo mwenye afya ambaye hajapewa antibayotiki karibuni. Ikusanye kwenye chupa iliyotakaswa yenye shanga za kioo, uizungushe taratibu mpaka nyuzi za kugandisha zishikane na shanga. Dakika kumi hutosha. Inayobaki ni damu isiyoganda, na hakuna kemikali iliyoongezwa. Usishawishike kutumia damu ya binadamu iliyopitwa na muda kutoka hospitali. Ina dawa ya kuzuia kuganda na kinga za mwili zinazowakandamiza baadhi ya bakteria, na inaweza kukuletea virusi vya ukimwi au homa ya ini mezani kwako. Changanya mililita 5 za damu katika kila mililita 100 za agari iliyopoa hadi nyuzijoto 45 au 50, yaani chupa iwe ya moto lakini mkono unaweza kuivumilia. Ikiwa moto kuliko hapo damu itaiva na kuwa ya kahawia. Ikiwa baridi kuliko hapo, agari itaganda mabonge mabonge.

Vilivyobaki ni vidogo: waya wa kitanzi cha mikrolita 10, taa ya spiriti, vioo vya hadubini, vijiti vya meno vya mbao, na agari ya MacConkey. Hadubini ukiwa nayo ni neema. Usipokuwa nayo, endelea kusoma, maana kipimo cha kwanza kimekuwekea njia ya kuikwepa.

Kuotesha na kusoma sahani

Gawa sahani moja ya agari ya damu kwa mistari chini yake, robo nne za sahani kwa robo nne za kiwele. Tikisa sampuli polepole, chovya kitanzi, pakaa kwenye sehemu yake kwa mchirizo unaozidi kukonda ili mwishoni bakteria waote mmoja mmoja. Sahani ikae kichwa chini ndani ya kitunza joto, matone ya mvuke yasidondokee juu ya agari. Tazama baada ya saa 24, na tena baada ya 48.

Ukiona aina moja ya makoloni, yaani virundo vya bakteria waliotokana na mmoja, sampuli yako ni nzuri. Aina mbili, soma zote mbili kwa tahadhari. Aina tatu au zaidi ni uchafu: andika hivyo, urudi kwa ng'ombe ukachukue upya. Najua inaumiza kumrudia mfugaji aliyesubiri siku mbili, lakini jibu la kubuni litamgharimu zaidi.

Sahani ambayo haikuota kitu nayo ni jibu, na hutokea mara nyingi. Huenda mwili ulishamwondoa E. coli, huenda ng'ombe alikwisha kupewa dawa bila wewe kuambiwa, au huenda S. aureus hakutoka kwenye maziwa siku hiyo. Huyu wa mwisho hutoka kwa vipindi, kwa hiyo sahani moja tupu haimtoi hatiani ng'ombe unayemshuku. Chukua sampuli nyingine baada ya siku kadhaa.

Tazama pia duara linalozunguka koloni. S. aureus mara nyingi huacha maduara mawili, la ndani lililo wazi kabisa na la nje lililofifia. Ukiliona umbo hilo kwenye koloni nono la rangi ya malai au dhahabu, umekaribia jibu kabla hujafungua chupa ya kemikali.

Tone la kwanza: potasiamu haidroksaidi

Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote, na nashangaa kinavyosahaulika. Kilichapishwa katika jarida la tiba ya mifugo la Japani mwaka 1938, na kinajibu swali lilelile la rangi za Hans Christian Gram za mwaka 1884, bila rangi wala hadubini. Yeyusha gramu 3 za potasiamu haidroksaidi katika mililita 100 za maji. Weka tone moja dogo kwenye kioo, chota koloni nono la saa 24, koroga kwa sekunde 10 hadi 30, kisha inua kijiti polepole.

Ganda la bakteria Gram hasi huyeyuka, vinasaba humwagika, na tone huvutika kama mlenda, uzi wa sentimita moja au mbili ukifuata kijiti. Gram chanya hubaki majimaji. Tone likiwa kubwa au koloni likiwa dogo utapata jibu la uongo, basi tone liwe dogo na bakteria wawe wengi. Dawa hii huunguza ngozi na macho, hukamatisha kifuniko cha kioo, na hudhoofika ikikaa wazi: itunze kwenye chupa ya plastiki na uitengeneze upya kila mwezi.

Ukiwa na hadubini, paka rangi za Gram pia kwa makoloni yasiyoeleweka. Utamwona Bacillus, mpita njia wa kwenye vumbi, akiwa vijiti vinene. Utaona na hamira, seli kubwa mno kuwa bakteria, ambazo huingia kwa bomba la dawa lisilosafishwa na ambazo hakuna antibayotiki inayoziua. Kumzuia mfugaji asiendelee kupenyeza bomba baada ya bomba kwenye robo yenye hamira ni msaada mkubwa.

Kwa Gram chanya

Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ndiyo inayofuata. Ya duka la dawa ikiwa ya asilimia 6, ichanganye na maji yaliyochemshwa yakapoa, kiasi kwa kiasi. Chota koloni kwa kijiti cha meno, weka kwenye kioo kikavu, dondosha tone juu yake. Mapovu mara moja ni stafilokoka. Kimya ni streptokoka au ndugu zake. Chota juujuu tu, usichimbe agari, kwani seli za damu nazo hutoa mapovu na zitakudanganya. Na usitumie waya wa nikromu kwa kazi hii. Baadhi ya metali hutoa mapovu zenyewe.

Stafilokoka wote hawana uzito sawa, na hapa ndipo penye thamani ya kutumia fedha kidogo. Plazma ya sungura yenye EDTA hugandishwa na S. aureus. Weka nusu mililita kwenye tyubu, ongeza koloni moja au mawili, acha kwenye nyuzijoto 37. Inamisha tyubu baada ya saa 4 bila kuitikisa. Bonge lolote, hata dogo, ni chanya. Kama hakuna, iache mpaka saa 24. Plazma yenye sitrati iepuke, maana kuna bakteria wanaokula sitrati na kuifanya igande pasipo S. aureus yeyote. Ukiwa na sungura wako na mtu anayejua kumtoa damu bila kumtesa, plazma unaweza kuitengeneza mwenyewe, uigawe kwenye tyubu ndogo na kuigandisha.

Kwa streptokoka, swali ni moja: ni agalactiae au siye? Mwaka 1944 Waaustralia Christie, Atkins na Munch-Petersen walionyesha kwamba akioteshwa karibu na stafilokoka anayetoa sumu ya beta, hao wawili hushirikiana kuvunja seli nyekundu. Chora mstari wa stafilokoka huyo katikati ya sahani ya damu ya kondoo, kisha mchirizi wa bakteria wako kwa pembe mraba, ukiishia milimita chache kabla ya kugusana. Kesho yake, ncha ya mshale iliyo wazi pale wanapokaribiana inaashiria S. agalactiae. Baadhi ya Streptococcus uberis nao hutoa mshale, kwa hiyo waoteshe pia kwenye agari yenye eskulini: uberis huitia weusi, agalactiae haigusi. Stafilokoka wa kipimo muombe kwenye maabara kubwa, kwa kuwa si kila mmoja hutoa sumu hiyo.

Gram hasi ni wepesi zaidi. Kwenye MacConkey, E. coli huota waridi, Klebsiella waridi la ute mwingi, na wasiotumia laktosi hubaki bila rangi. Tone la kemikali ya Kovacs (kipimo cha indoli) linalogeuka jekundu linaunga mkono E. coli. Koloni lenye rangi ya kijani na harufu tamu, likigeuza karatasi ya oksidesi zambarau ndani ya sekunde chache, ni Pseudomonas: nenda ukapime maji ya kuoshea viwele. Klebsiella akijirudia, angalia maranda ya mbao wanayolalia ng'ombe.

Utajuaje kwamba vipimo vyako vinasema kweli?

Kila unapotengeneza agari, iweke sahani moja isiyopakwa kitu kwenye kitunza joto usiku kucha. Ikiota, tupa zote. Kila chupa mpya ya kemikali ijaribiwe kwa bakteria unayemjua, chanya mmoja na hasi mmoja. Maabara za rejea huwa na S. aureus ATCC 25923 na E. coli ATCC 25922. Nchini Tanzania anzia Wakala ya Maabara ya Veterinari. Nchini Kenya, maabara kuu ya mifugo ya Kabete. Uhusiano huo utakufaa pia siku ukipata koloni usilolielewa.

Sahani zilizotumika zipikwe kwenye sufuria ya presha kabla ya kutupwa. Vioo na vijiti viingie kwenye klorini ya asilimia 0.5: jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, hukupatia kiwango hicho.

Usichokiotesha kamwe

Ng'ombe aliyekufa ghafla huku damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, usimpasue. Shuku kimeta. Kipimo chake cha gharama ndogo hakihitaji agari: tone la damu la mshipa wa sikio lililopakwa kwenye kioo, likakaushwa, likaimarishwa, likatiwa methilini buluu iliyokomaa. M'Fadyean alikieleza mwaka 1903. Vijiti vya buluu vyenye pembe zilizokatika, vimezungukwa na ganda la waridi, ndicho kimeta. Ita mamlaka, mzoga uteketezwe au uzikwe kwa kina.

Sampuli ya ng'ombe aliyetupa mimba nayo isifunguliwe kwenye meza isiyo na kabati la usalama. Brucella huambukiza wafanyakazi wa maabara kwa hewa, na ugonjwa wake kwa binadamu ni wa mateso ya miezi. Tumia kipimo cha Rose Bengal: mikrolita 30 za seramu, 30 za antijeni, zungusha kwa dakika 4, tazama chembechembe. Sahani za maziwa zinazootesha vipunje vidogo sana baada ya saa 48 zifunge kwa utepe, wala usizinuse. Zipeleke kwenye maabara kubwa.

Jibu analolihitaji mfugaji

Fomu ya matokeo isijazwe Kilatini kitupu. Andika robo kwa robo: nyuma kulia, Staphylococcus aureus, wengi; nyingine tatu, hakuna kilichoota kwa saa 48. Chini yake daktari aandike la kufanya: huyu akamuliwe wa mwisho, kitambaa chake kisimguse mwingine, maziwa yake yasichanganywe, apimwe tena baada ya wiki tatu. Pale ambapo jibu ni E. coli na ng'ombe anakula na kucheua vizuri, andika waziwazi kwamba hakuna bomba la kununua. Kisha umpigie simu mfugaji kabla ya ukamuaji wa jioni, maana hiyo ndiyo saa anayoamua kama atapenyeza dawa nyingine.